Mswaki wa Mbwa: Historia ya Kinywa Kilichoogopwa

Mgeni kutoka Mombasa, Tanga au Bujumbura anapoingia kwa mara ya kwanza katika duka la vyakula vya wanyama mjini London au Chicago, hukutana na rafu ambayo huenda akaidhania mzaha. Hapo hupangwa miswaki ya mbwa, na kando yake dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku. Si mzaha hata kidogo. Nyuma ya rafu hiyo ipo historia ndefu ya hofu, biashara na sayansi, na ndani yake wamo mbwa kadhaa wa Sweden ambao, pasipo kuulizwa ridhaa yao, waliwasaidia binadamu kufahamu kwa nini yampasa mtu kupiga mswaki.

Historia hiyo yaweza kuanzia Bonn, mji wa Ujerumani ulioko kando ya mto Rhine. Mwaka 1914, wachimba mawe wa eneo la Oberkassel walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja kiasi cha miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na kipande cha taya la mnyama, ambalo kwa miongo mingi lilidhaniwa kuwa la mbwa mwitu wa Ulaya. Baadaye ikatambulika kuwa ni la mbwa wa kufugwa, mmoja wa mbwa wa kale kabisa wanaojulikana na wataalamu.

Mwaka 2018, daktari wa wanyama Luc Janssens na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi mpya wa meno ya mbwa huyo. Jino linapoota, kila ugonjwa mkali huacha alama katika tabaka gumu la nje liitwalo enameli, na alama hiyo haifutiki. Kwa kuzisoma alama hizo, watafiti walieleza kwamba mbwa huyo alifikwa na maradhi mazito alipokuwa na umri wa wiki 19 hivi, akafa akiwa na wiki karibu 28. Maradhi yenyewe yaelekea yalikuwa distempa, ugonjwa wa virusi ulio ndugu wa surua. Ni ugonjwa huohuo ulioangamiza karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994.

Mbwa mchanga mwenye distempa hawezi kujitafutia chakula. Kwamba huyu aliishi wiki kadhaa zaidi ni dalili kuwa kulikuwa na mtu aliyemlisha, akamnywesha maji na kumtia joto, ilhali hakuwa na faida yoyote ya kuwinda wala kulinda. Mdomoni mwake palionekana pia ishara za ugonjwa wa fizi. Hao waliomuuguza bila shaka walimpenda, lakini hapana dalili kwamba waliyashughulikia meno yake. Hali hiyo iliendelea kwa maelfu ya miaka: mbwa alipewa mahali pa kulala na sehemu ya nyama, bali kinywa chake kikabaki mambo yake mwenyewe.

Wasomi wa kale walikitazama kinywa hicho kwa mbali. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mbwa kijana hutambulikana kwa meno meupe na makali, na mbwa mzee kwa meno meusi yaliyopunguka makali. Kwake weusi huo ulikuwa ni ishara ya umri, kama mvi kichwani mwa mtu. Leo inajulikana kuwa weusi huo kwa sehemu kubwa si uzee, ni uchafu uliogeuka jiwe. Hata hivyo wazo kwamba meno mabovu ni haki ya mbwa mzee halijatoka vichwani mwa watu hadi sasa, na madaktari wa wanyama hulisikia karibu kila siku.

Sababu ya kukaa mbali ilikuwa kubwa kuliko uvivu. Kinywa cha mbwa ndicho mlango wa kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishadhihiri, kupona ni nadra mno. Plinio Mzee, mwandishi wa Roma ya karne ya kwanza, alitaja mnyoo ulioko chini ya ulimi wa mbwa, akasema ukitolewa mapema mnyama huyo hatashikwa na kichaa. Mnyoo wenyewe haupo. Kilichopo ni kamba ndogo ya nyama ambayo mbwa wote wanayo. Lakini imani hiyo ilidumu Ulaya hadi karne ya 19, na mbwa wasiohesabika walikatwa chini ya ulimi bila faida yoyote. Kwa karne nyingi, basi, tiba mojawapo ya kinywa cha mbwa iliyojulikana sana ilikuwa ni kisu. Ni hapo tarehe 6 Julai mwaka 1885, Louis Pasteur alipomdunga chanjo mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, ndipo hofu ilipoanza kupata dawa.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki na Bara Arabu palikuwa na mpaka mwingine. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo halikumaanisha kumdharau mnyama. Mbwa wa mawindo aina ya saluki ametunzwa kwa heshima na Waarabu wa jangwani kwa karne nyingi, na windo alilolikamata mbwa aliyefunzwa limehalalishwa katika Kurani. Ila kumtia mtu vidole mdomoni mwa mbwa kila jioni ni jambo ambalo halikuwa na nafasi katika utaratibu huo.

Utabibu wa wanyama ulipoanza kuwa taaluma yenye vyuo, mbwa hakuwa mbele katika foleni. Chuo cha kwanza, kilichoanzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na kile cha London kilichofuata mwaka 1791, vyote vilimtazama zaidi farasi. Farasi ndiye aliyevuta mizinga ya jeshi na mikokoteni ya wafanyabiashara, na farasi asiyeweza kutafuna ni hasara inayohesabika kwa fedha. Madaktari wakajifunza kulipiga tupa jino la farasi karne moja na nusu kabla ya wengi wao kufikiria kulisugua jino la mbwa. Louis Merillat wa Chicago alipochapisha kitabu chake juu ya meno ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 20, farasi bado ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mbwa mgeni wa barazani. Ilibidi motokaa imwondoe farasi barabarani ndipo daktari wa mjini ageukie wanyama wa nyumbani kutafuta riziki yake.

Pengo hilo lilijazwa na mfanyabiashara. Kiasi cha mwaka 1860, fundi umeme mmoja kutoka Ohio, Marekani, aitwaye James Spratt, alifika London kuuza vyuma vya kukinga radi. Inasimuliwa kwamba bandarini aliwaona mbwa wakigombania biskuti ngumu zilizotupwa kutoka merikebuni, zile ambazo mabaharia walizila safarini kwa miezi mingi. Bwana Spratt akaachana na radi. Alitengeneza mkate mgumu wa ngano, mboga na nyama iliyokaushwa, akauuza kwa mabwana wa Kiingereza waliokuwa na mbwa wa mawindo. Miongoni mwa waajiriwa wa kampuni yake alikuwamo kijana Charles Cruft, ambaye mwaka 1891 alianzisha jijini London maonyesho ya mbwa yanayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Kwa hiyo biskuti ya mbwa haikuzaliwa kwa ajili ya meno. Ilizaliwa kwa sababu haiozi, inabebeka, na ina faida. Madai ya meno yalifuata baadaye. Mwaka 1908, kiwanda kimoja cha biskuti mjini New York kilianza kutengeneza biskuti yenye umbo la mfupa, ambayo baadaye iliitwa Milk-Bone. Kampuni ya Nabisco iliponunua biashara hiyo mwaka 1931, matangazo yalianza kusema kwamba biskuti ile husafisha meno na kuondoa harufu mbaya mdomoni. Mwenye mbwa akaambiwa, kwa maneno mengine, kwamba kazi yote itafanywa na mbwa mwenyewe, tena kwa furaha. Ni vigumu kubuni tangazo tamu kuliko hilo.

Chakula chenyewe nacho kilikuwa kikibadilika. Nyama ya farasi ya kopo iliingia sokoni Marekani mwaka 1922, na mwaka 1957 kampuni ya Purina ilileta punje kavu zilizopikwa kwa mvuke na shinikizo, mtindo ulioenea ulimwenguni kote. Watu wengi wakagawanyika kambi mbili: wa kopo waliambiwa wanaharibu meno ya mbwa wao, wa punje wakajiona salama.

Ukweli wa jambo hilo wataka maelezo kidogo juu ya kinywa chenyewe. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu. Mate yake si makali kwa asidi kama ya binadamu, na kwa sababu hiyo meno yake hayatoboki kwa urahisi. Lakini hali hiyohiyo inayomwokoa na matundu ndiyo inayomponza: madini yaliyomo katika mate huushika upesi ukoga laini uliolala juu ya jino, na baada ya siku mbili tatu ukoga huo huanza kuwa mgumu kama chokaa. Chini yake, penye mpaka wa jino na ufizi, bakteria hustawi. Ufizi huvimba, hutoa damu, kisha hujitenga na jino. Hatimaye mfupa unaolishika jino nao huliwa polepole. Biskuti haifiki huko. Jino hulitoboa tonge, tonge likapasuka, na sehemu ya juu ya jino ikang'aa, ilhali pale penye ufizi mambo yamebaki yalivyokuwa.

Msikilizaji atashangaa kwamba hata kwa binadamu jambo hili lilithibitishwa juzi tu. Mswaki wa nailoni ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Kabla ya hapo Wazungu walisugua meno kwa nywele ngumu za nguruwe. Waswahili, ambao jina lenyewe la mswaki walilipata kutoka Kiarabu, jina la mti na la kijiti chake, hawakuwa na haja ya kungoja nailoni. Lakini kupiga mswaki kwa ajili ya usafi na harufu nzuri ni jambo moja, na kujua ni nini hasa kinachoua ufizi ni jambo jingine. Hadi miaka ya 1960, wataalamu walibishana: wapo waliolaumu lishe, wapo waliolaumu umri, wapo waliosema ni udhaifu wa mwili wa mtu.

Mwaka 1965, Harald Löe, mtaalamu kutoka Norway aliyekuwa akifanya kazi Aarhus, Denmark, alichapisha na wenzake matokeo ya jaribio lililo rahisi kiasi cha kushangaza. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Baada ya kipindi cha kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Waliporejea kwenye mswaki, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Ukoga ulikuwa umepatikana na hatia.

Lakini hapo sayansi ilifika ukingoni. Hakuna daktari mwenye dhamiri ambaye angeweza kuwaacha wanafunzi wake bila mswaki kwa miaka mingi ili aone kama mfupa wa taya utaliwa. Zamu ikawa ya mbwa. Mjini Gothenburg, Sweden, Jan Lindhe na Sven-Erik Hamp, wakishirikiana na Löe, walichukua mbwa wa aina ya bigo, mbwa wadogo wapole wanaopendwa na watafiti kwa sababu hiyohiyo ya upole wao. Wote walipewa chakula laini. Kundi moja lilipigwa mswaki mara mbili kila siku. Kundi la pili liliachwa bila kuguswa.

Utafiti huo, ambao matokeo yake ya miaka minne yalichapishwa mwaka 1975, ulionyesha tofauti kama ya mchana na usiku. Mbwa waliosuguliwa meno walikaa na fizi nzima kwa muda wote huo, ingawa walikula chakula laini kilekile kilicholaumiwa na kila mtu. Katika kundi jingine fizi ziliugua, na kwa mbwa walio wengi, ingawa si wote, ugonjwa ulishuka hadi kwenye mfupa. Picha za eksirei zilionyesha hivyo, na vipande vya taya vilivyochunguzwa kwa darubini vikathibitisha. Katika mji huohuo wa Gothenburg, Per-Ingvar Brånemark naye alikuwa ameshawatumia mbwa kuthibitisha kwamba jino la bandia laweza kufungwa kwa skrubu ya titani ndani ya mfupa. Mzee wa leo mwenye meno ya kupandikizwa, awe Muscat au Nairobi, ana deni kwa mbwa ambao hatawajua majina.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuulizwa. Utafiti wa Gothenburg ulichapishwa katika majarida ya madaktari wa meno ya binadamu, nao ukabadilisha matibabu ya binadamu. Humo ndani mlikuwamo pia, kwa maandishi yasiyo na shaka, jibu la namna ya kuzuia ugonjwa wa fizi kwa mbwa: mswaki, kila siku. Hata hivyo biskuti iliendelea kutangazwa, na madaktari wengi wa wanyama walimaliza masomo yao bila kufundishwa meno kwa kina. Waliobadilisha hali hiyo walikuwa wachache. Chama cha Marekani cha matabibu wa meno ya wanyama kiliundwa mwaka 1976, na baadhi ya walioongoza njia walikuwa madaktari wa watu, kama Peter Emily wa Colorado, aliyetoka kwenye vinywa vya binadamu akaingia kwenye vya mbwa na hata vya wanyama wa porini. Mwaka 1988 taaluma hiyo ilitambuliwa rasmi Marekani kuwa fani ya ubingwa. Emily pamoja na Colin Harvey wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa kitabu kikubwa cha kufundishia mwaka 1993, na mwaka 1997 likaundwa baraza la kupima madai ya watengenezaji: atakaye alama ya baraza hilo juu ya biskuti au dawa yake hana budi kwanza kuleta matokeo ya majaribio. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita tangu biskuti ya umbo la mfupa iingie sokoni.

Harvey na wenzake walirudi mwaka 2015 na swali ambalo kila mwenye mbwa huliuliza: lazima iwe kila siku? Walilinganisha mbwa wa bigo waliopigwa mswaki kila siku, siku moja baada ya nyingine, mara moja kwa wiki na mara moja kwa wiki mbili. Kila siku, au kwa uchache siku moja baada ya nyingine, ndiko kulikoleta faida ya kweli. Mara moja kwa wiki ni kujiliwaza.

Kazi yenyewe si kubwa. Mbwa huzoezwa kwa kidole kwanza, kisha kitambaa, kisha mswaki laini, kwa muda wa wiki kadhaa. Hapana haja ya kumfungua kinywa. Mdomo wa juu huinuliwa kidogo, na mswaki ukapitishwa kwa kuinamishwa penye mpaka wa jino na ufizi, hasa upande wa nje wa magego ya juu, ambako ukoga hujazana zaidi. Kilicho cha hatari ni dawa ya meno ya watu. Mbwa hajui kutema, na nyingi ya dawa hizo zina floridi, nyingine zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo kwa mbwa huishusha sukari ya damu ghafla na yaweza kuharibu ini. Tahadhari hiyo ilienea baada ya madaktari wa Marekani kuandika juu ya mbwa waliodhurika katika miaka ya 2000. Ukoga ulioshakuwa jiwe hauondoki kwa mswaki. Huo hutolewa na daktari, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwani kukwangua sehemu inayoonekana tu ni kupaka nyumba rangi huku msingi ukiliwa na mchwa.

Wapo wasiokubali, nao hawapaswi kupuuzwa. Wao husema mbwa wa asili alikula mifupa, hakuhitaji mswaki. Utafiti uliofanywa Brazil na kuchapishwa mwaka 2016 uliwaunga mkono kwa sehemu: bigo waliopewa mifupa mibichi ya ng'ombe walipoteza ukoga mgumu kwa kiasi kikubwa katika muda usiotimia wiki tatu. Lakini Afrika yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1999, Gerhard Steenkamp wa Afrika Kusini na Cecilia Gorrel walichapisha uchunguzi wa mafuvu 29 ya mbwa mwitu wa Afrika, mnyama asiyejua kopo wala punje. Ukoga mgumu ulikuwa haba sana. Na bado kiasi cha fuvu nne katika kila kumi lilikuwa na dalili za ugonjwa wa fizi, na karibu nusu yalikuwa na meno yaliyovunjika. Jino lililovunjika hadi kwenye kiini ni maumivu yasiyokwisha, ila mbwa, awe wa mwituni au wa sebuleni, hayaonyeshi maumivu hayo. Huendelea kula, akitafunia upande mmoja, na mwenyewe husema hana tatizo kwa kuwa sahani imekwisha.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mazungumzo haya yote bado yangojea mengine yatangulie. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na katika vijiji vinavyopakana na Serengeti kampeni za kuwachanja mbwa zimeendeshwa tangu miaka ya 1990. Siku ya chanjo, watoto huwaleta mbwa kwa kamba hadi chini ya mti, na mwenye mbwa huombwa akishike kichwa cha mnyama wake barabara, mdomo uelekezwe mbali na daktari.